Somoe, moyo uliugua kweli

Newala, Jumapili

Mwanangu Somoe,

Uliniuliza kwenye simu: mkunga wa huko Lindi anataka kujua kama uliwahi kuugua moyo, nawe unakumbuka tu kwamba nilikukataza kuruka kamba. Uliugua. Mambo yenyewe ni marefu, ndiyo maana naandika.

Ulikuwa na miaka 9, msimu wa korosho. Kaka yako alishikwa na homa siku mbili, akapona, akarudi kuokota mabibo. Wewe ukalegea. Zahanati wakakupa dawa ya malaria. Lakini macho yako hayakuwa ya njano kuliko siku zote, wala hukulia mifupa, nikajua hii siyo ile selimundu tuliyoizoea, ugonjwa wako wa damu wa kuzaliwa. Viganja vimekuwa vyeupe, unahema kama aliyetoka kuchota maji bondeni.

Mtwara walipopima, damu ilikuwa 3. Kawaida yako ilikuwa 8. Daktari akanieleza kuna kirusi kinaitwa parvo B19, kinaingia kwenye uboho ndani ya mifupa na kusimamisha utengenezaji wa chembe nyekundu kwa wiki moja hivi. Chembe za kaka yako huishi siku 120, hivyo zaidi ya ile homa hakusikia kitu. Zako za selimundu huishi siku 10 hadi 20. Kwako, wiki bila chembe mpya ni ghala tupu.

Damu ikipungua hivyo, moyo hupiga mbio, ukatanuka na kuchoka. Ila hata damu ilipopanda, eko, kile kipimo cha picha ya moyo, ilionyesha bado unasukuma kwa unyonge. Wakasema kirusi kimeingia kwenye misuli ya moyo yenyewe. Damu walikutia kidogo kidogo, nikadhani ni uzembe. Kumbe moyo dhaifu ukiujaza kwa haraka unazidiwa. Halafu miezi 6 bila kukimbia. Uliniita mchawi, sijasahau!

Kirusi hicho ukishakiugua, kwa kawaida hakikurudii. Afadhali, maana kwa mjamzito kinaweza kumwishia damu mtoto tumboni. Lakini selimundu na mimba pamoja ni mzigo kwa moyo, kwa hiyo omba eko sasa, usingoje kuanza kuhema. Mweleze mkunga yote, hata mama mkwe akiwa amekaa pembeni. Na mumeo, amepima kama amebeba selimundu? Hilo hukunijibu.

Kadi yako ya zamani nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi, imo ndani ya mfuko wa korosho. Panya wamekula pembe moja, majibu ya eko yanasomeka.

Mama yako