Kuhusu kununua kahawa ya luwak kwa ajili ya zawadi

Ndugu yangu, umeuliza kama ni sawa kumnunulia baba mkwe wako kahawa ya luwak kutoka Bali, Indonesia, kwa kuwa muuzaji amekuhakikishia kwamba imetoka porini. Ushauri wangu ni kwamba usiinunue.

Kahawa hiyo ilianza Java na Sumatra, visiwa vya Indonesia, wakati wa utawala wa Waholanzi, ambapo wakulima waliozuiwa kujichumia buni waliokota punje zilizotoka katika kinyesi cha luwak, mnyama wa jamii ya ngawa, wakaziosha, wakazikoboa na kuzikaanga. Luwak huyo huchagua mwenyewe matunda yaliyoiva vizuri, na tumbo lake humeng'enya nyama ya tunda na kuiacha punje. Kwa kuwa punje za namna hiyo ni chache, bei ilipanda, na bei ndiyo iliyoleta vizimba. Mnyama anayeishi peke yake na kutembea usiku, ambaye chakula chake ni matunda ya aina nyingi, wadudu na wanyama wadogo, hufungiwa juu ya sakafu ya waya na kulishwa buni kupita kiasi. Jambo hili linanihuzunisha sana.

Tony Wild, aliyeipeleka kahawa hii Uingereza mwaka 1991, baadaye aliendesha kampeni ya kuipinga. Neno «porini» kwenye pakiti halithibitishi lolote, kwa maana punje ikishakaangwa haionyeshi ilikotoka. Mchagulie mzee kahawa nzuri ya aina ya arabika kutoka Gayo, Sumatra, iliyochumwa kwa mkono.