Maswali na Majibu ya Mitambo: Injini Kuukuu ya Dizeli

SWALI: Nina bekiho (mtambo wa kuchimbia) ya zamani yenye injini ya silinda 4. Bamba la namba limeng'oka. Nikimtajia muuza vipuri modeli ya mtambo, ananipa gasketi isiyolingana. Nitaitambuaje injini hii?

JIBU: Achana na modeli ya mtambo. Mtambo wa umri huo huenda umeshabadilishiwa injini, na hata kama haujabadilishiwa, kiwanda kimoja kiliweza kufunga injini tofauti kwenye modeli ileile. Ushahidi uko kwenye bloku yenyewe, yaani chuma kikuu chenye silinda.

Safisha ubavu wa bloku kwa dizeli na brashi ya waya. Utakuta namba za aina mbili. Zilizoinuka zimetoka na kalibu chuma kilipomiminwa. Hizo hutambulisha kalibu tu, na bloku za kalibu moja huweza kuchongwa kwa vipenyo tofauti. Unazozitafuta ni zile zilizodidimia, zilizogongwa kwa nyundo. Zikiwa zimefifia, zipake chaki kisha pitisha kitambaa juu yake: chaki itabaki ndani ya alama. Msasa usiukaribishe hapo, maana alama hizo hazina kina.

Kwenye injini kuukuu za Perkins, za Uingereza, herufi za mwanzo ndizo aina: LD ni 4.236. Hufuata namba ya orodha ya vipuri, herufi ya nchi (U ni Uingereza), namba ya mfululizo, na mwisho herufi ya mwaka, ambapo A ni 1974. Mpe muuza vipuri mlolongo wote. Namba ya orodha ya vipuri ndiyo itakayomwonyesha gasketi na slivu (mirija ya chuma ambamo pistoni hupita) zipi ziliingia.

Namba isiposomeka kabisa, pima. Majina mengi ya injini kuukuu ni vipimo vyenyewe: 4.236 ni silinda 4 zenye inchi za ujazo 236, na Cummins NT855 ina inchi za ujazo 855. Deutz F4L912 ni silinda 4, L ni kupozwa kwa hewa, na 12 ya mwisho ni mwendo wa pistoni kwa sentimita. Fungua silinda hedi, pima kipenyo cha silinda juu kabisa, mahali ambapo ringi za pistoni hazifiki na kwa hiyo hapajalika. Kisha pima pistoni inashuka kiasi gani kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Kanuni ni kipenyo × kipenyo × 0.7854 × mwendo × idadi ya silinda. Ukipata milimita 98.4 kwa 127, yaani sentimita 9.84 kwa 12.7, ujazo ni takriban sentimita za ujazo 3,863. Gawanya kwa 16.39 upate inchi 236. Ukipata kipenyo cha milimita 101 kwa mwendo uleule, hiyo ni 4.248, na gasketi ya 4.236 haitakufaa hata kama kwa nje injini hizo ni pacha.

Kuhusu bolti: injini za Uingereza za wakati huo zina nyuzi za inchi. Bolti ya milimita 12 huingia kwa kulegea kwenye tundu la nusu inchi, na fundi mwenye haraka huilazimisha. Itashika ukiifunga kwa mkono, halafu ing'oe nyuzi za bloku ukiweka spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza).

SWALI: Injini inatoa moshi wa buluu na inapumua sana kwenye mfuniko wa oili. Naweza kubadilisha ringi peke yake?

JIBU: Mara nyingi hapana, ila jibu litoke kwenye maikromita (kifaa cha kupimia vipimo vidogo), lisitoke kwenye moshi. Moshi wa buluu unaozidi baada ya injini kukaa silensa (kunguruma polepole bila mzigo) kwa muda huweza kutoka kwenye gaidi za valvu (mirija inayoongoza valvu) zilizolika. Kupumua kwa nguvu ndiko kunakoelekeza kwenye ringi na silinda.

Wapo wanaomimina kijiko cha oili ndani ya silinda na kupima kompresheni (shinikizo la hewa inayobanwa na pistoni) tena, ili kuona kama ringi zinavuja. Kwenye petroli kipimo hicho kina maana. Kwenye dizeli nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, hivyo oili yenyewe hupandisha kompresheni kwa kujaza nafasi, na utadanganyika.

Pima kila silinda sehemu tatu, juu, kati na chini, na kila sehemu pande mbili: sambamba na krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na kuikata. Ulikaji mkubwa huwa juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa sababu hapo kuna moto na shinikizo kubwa na oili kidogo. Juu ya hapo hubaki ukingo. Ukifunga ringi mpya bila kushughulikia ukingo huo, ringi ya kwanza itaugonga na kuvunjika.

Hesabu ya pengo kati ya ncha mbili za ringi ndiyo itakayokuonyesha kwa nini ringi peke yake hazitoshi. Kila silinda inapolika milimita 0.10 ya kipenyo, pengo la ringi huongezeka milimita 0.31. Silinda iliyolika 0.25 inaongeza karibu 0.8 juu ya pengo la kawaida, ambalo kwa silinda ya milimita 100 ni kama 0.30 hadi 0.45. Hakuna ringi ya ukubwa wa kawaida itakayoziba hapo. Pima pengo kwa kuisukuma ringi ndani kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha tumia fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Pima pia ringi mpya kwenye mfereji wa juu wa pistoni ya zamani: mfereji ukiwa umepanuka, pistoni hiyo haifai, hata ikiwa inang'aa.

Ukibadilisha slivu, jua kwanza ni kavu au ni za maji. Slivu kavu hubanwa ndani ya chuma cha bloku na haiguswi na maji, na nyingine huchongwa baada ya kuingizwa. Slivu ya maji huzungukwa na maji na kuzibwa chini kwa mipira. Slivu hiyo inataka mambo mawili. La kwanza ni kimo cha kola (ukingo wake wa juu) juu ya uso wa bloku, ambacho lazima kifuate kitabu cha injini hiyo. Ikizama, gasketi itaungua. La pili, mipira ipake sabuni ya maji kama kitabu hakisemi vinginevyo, kwa kuwa baadhi ya mipira huvimba ikiguswa na oili. Kabla ya kufunga sampu (bakuli la oili la chini), jaza maji kwenye bloku na uchungulie chini. Tone moja likionekana, toa slivu.

Baada ya kuhoni (kukwaruza silinda kwa jiwe), osha silinda kwa maji ya moto na sabuni. Petroli na dizeli huacha unga wa jiwe kwenye mikwaruzo, na unga huo utasaga ringi mpya. Pitisha kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka na weusi, osha tena.

SWALI: Krankishafti ilichongwa, beringi mpya (vipande laini vinavyoishikilia) zikafungwa, lakini baada ya muda mfupi injini ikaanza kugonga. Kosa liko wapi?

JIBU: Zisome beringi kabla ya kuzitupa. Mikwaruzo yenye chembe zilizozama inaonyesha uchafu. Zikiwa zimelika ukingo mmoja tu, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti) imepinda au jarida (sehemu ya krankishafti inayozunguka ndani ya beringi) limechongwa kwa mteremko. Mgongo wa beringi uking'aa au kuwa na madoa meusi, ilikuwa inacheza ndani ya makazi yake, na hapo angalia kama vifuniko vya konrodi vilichanganywa.

Uchafu ndio mshukiwa wa kwanza. Vumbi la kuchonga hujificha kwenye mifereji ya oili ndani ya krankishafti, na halitoki mpaka plagi zifunguliwe na brashi ndefu ipite. Kama beringi za mwanzo zilivunjika, chuma chake kingali ndani ya kipoza oili. Kukisuuza hakutoshi, kibadilishe.

Mengine ni ya mchongaji. Baadhi ya krankishafti hutiwa ugumu wa juu juu kiwandani, na ugumu huo ukichongwa lazima urudishwe. Kona kati ya jarida na bega lake iwe na mviringo wa kipimo cha kitabu: ikiwa kali, krankishafti itakatika hapo, ikizidi upana, beringi itaipanda kwa ukingo. Mwanya wa oili kati ya jarida na beringi kwa kukadiria ni elfu moja ya kipenyo, yaani kama milimita 0.06 kwa jarida la 63.5, ingawa kitabu kina neno la mwisho. Washa (vipete bapa) za kuzuia mwendo wa mbele na nyuma wa krankishafti ziwekwe mifereji ikielekea krankishafti, si bloku.

Kabla ya kuwasha, jaza filta oili, vuta kizimio ili dizeli isipite, kisha zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ionyeshe shinikizo.

SWALI: Injini iliyofumuliwa iachwe silensa siku nzima ili izoee?

JIBU: La. Ringi hukaa kwa shinikizo la moto, na shinikizo huja na kazi. Ikizembea, kuta za silinda huwa kama kioo na injini itakula oili daima. Ipashe moto, kagua uvujaji, kisha ipe mzigo wa wastani unaopanda na kushuka. Badilisha oili na filta baada ya saa 50 hivi. Siku ya kuwasha, mtu asimame na ubao bapa karibu na mdomo wa hewa: injini ikikimbia bila kuzimika, ziba kwa ubao, kamwe si kwa mkono.

SWALI: Nimefungua hedi ya injini ya dizeli ya Detroit 6-71 na kukuta valvu za moshi tu. Je, za kuingizia hewa ziliondolewa?

JIBU: Hakuna kilichoondolewa. Hiyo ni injini ya mipigo miwili: hewa husukumwa na bulowa (pampu ya hewa) na kuingia kupitia matundu ya slivu pistoni inaposhuka. Kagua matundu hayo kwa kaboni, na rudisha oili ya SAE 40 ya daraja moja, siyo 15W-40.