Kliniki haiishii miezi 9

Kadi ya kliniki ya mwanangu wa pili ina pengo. Tangu alipochomwa sindano ya kwanza ya surua, akiwa na miezi 9, hadi alipofika miezi 18, hakuna hata nukta moja kwenye chati ya uzito. Zahanati tunakwenda kwa miguu, kwa hiyo siwezi kusingizia nauli. Mtoto alikuwa mnene, anakula ugali na dagaa bila kubembelezwa, mimi nimesharudi kazini, na kichwani kwangu chanjo zilikuwa zimekwisha. Si mimi peke yangu. Angalia mabenchi ya kliniki siku yoyote: vichanga wamejaa tele, wanaotembea ni wa kuhesabu.

Na chanjo zenyewe hazikuwa zimekwisha. Hapa Tanzania surua-rubela ni dozi mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Ile ya pili inawakinga pia watoto ambao ya kwanza haikuwashika. Ndiyo iliyoturudisha, baada ya mhudumu wa afya wa mtaa kupita na kuomba kuona kadi.

Mzani ulisoma kilo 11.2. Nikavimba kichwa. Nesi hakusema kitu, akamlaza kwenye ubao wa urefu (chini ya miaka 2 wanapimwa wamelala, kwa hiyo jiandae kwa kilio), halafu akamzungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo, ukaangukia kijani, yaani yuko salama. Usikubali kuondoka kabla ya urefu. Udumavu hauonekani kwenye mzani, mtoto anaweza kuwa na mashavu na bado ni mfupi kwa umri wake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini wamedumaa.

Kisha yakaja maswali, na hapo ndipo nilipoumbuka.

“Anasema maneno mangapi?”
“Mengi tu.”
“Nitajie.”

Nikataja “mama”. Nikataja “baba”. Nikakwama. Bibi yake alikuwa ananituliza siku zote kwamba wavulana huchelewa, hata baba yake alikuwa hivyo hivyo, nami nililishika hilo kwa sababu lilinifaa. Nesi akauliza kama anaonyesha vitu kwa kidole. Sana, paka, bodaboda, sufuria, kila kitu. Akasema hiyo ni dalili nzuri, mtoto anataka mazungumzo. Halafu akazunguka nyuma yake, akamwita kwa jina, sauti ya kawaida. Mwanangu akaendelea kuchezea kifuniko cha chupa. Akaita tena. Kimya.

Nyumbani nilikuwa nasema “anasikia akitaka”.

Tulipewa rufaa ya kwenda kwa daktari wa masikio. Ilikuwa ni majimaji yaliyotuama nyuma ya ngoma za masikio, yaliyotokana na mafua yasiyokatika. Hayatoi usaha, mara nyingi hayaumi, mtoto anasikia kama aliyezamisha kichwa kwenye ndoo. Daktari hakuandika dawa. Alisema kwa wengi yanakauka yenyewe, turudi baada ya miezi 3, na tuwe tunamsemesha kwa karibu huku anatutazama usoni. Kwetu yalikauka. Mengine huhitaji upasuaji mdogo. Bila kuangaliwa huwezi kujua wako yuko kundi gani.

Kwa hiyo siku hizi, usiku wa kuamkia kliniki, naandika kwenye karatasi maneno anayoyasema kweli. Yale ambayo mimi peke yangu ndiye ninayeyaelewa nayo nayaandika, yanahesabika. Kama anashinda na dada wa kazi, muulize yeye kwanza, maana anajua mengi kuliko wewe unayerudi saa 1 usiku. Likiwepo jambo linalokutia shaka, lirekodi kwa simu. Mbele ya nesi mtoto anaganda kama sanamu. Na swali likikuaibisha, jibu ukweli. Hakuna anayetoa maksi pale.

Kuhusu kutembea, punguzeni kulinganisha. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi kadhaa, likakuta wengine wanatembea peke yao kabla ya miezi 9 na wengine wanakaribia miezi 18. Akipita miezi 18 hajatembea, mpeleke. Hiki kigari cha kutembelea mnachokinunua hakimharakishi, kinampeleka kwenye jiko la mkaa tu. Akifika miaka 2 haunganishi maneno mawili, kama “mama maji”, mpeleke pia. Ila lisilosubiri hata tarehe ya kadi ni hili: mtoto aliyekuwa anasema, anapunga mkono au anatembea, kisha akaacha. Huyo nenda naye kesho asubuhi.

Wangu sasa ana miaka 2 na nusu, na tunakwenda kila mwezi. Mara ya mwisho ilikuwa zamu ya matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, ambavyo hutolewa kila baada ya miezi 6. Nesi aliposogeza kidonge cha matone, akafunika mdomo kwa mikono miwili na kusema, kwa sauti iliyogeuza benchi zima, “Sitaki, shangazi, chungu!”