Mkuu usisaini hiyo kotesheni ya sola, njoo kwanza uone kovu langu

Weka kalamu chini mkuu. Nimesoma umeandika una kiwanda cha chupa za plastiki Mwanza, uko tarifu ya T2 (kundi la bei la TANESCO kwa watumiaji wakubwa kama viwanda), bili inakutoa jasho, umeletewa kotesheni ya sola kilowati 120 na unauliza betri uweke au usiweke, mkopo wa benki gani, na umeme wa ziada utawauziaje TANESCO. Tumbo limenikata kabisa maana miaka mitatu nyuma huyo alikuwa mimi, tofauti ni kwamba wewe umeuliza, mimi nilijiona mjanja.

Mimi niko Dar, natengeneza ndoo na chupa, shifti mbili. Nilikuwa nakula kama yuniti elfu 45 kwa mwezi na dimandi, yaani mzigo wa juu kabisa uliovuta kwa mkupuo, unaolipiwa peke yake kwa kipimo cha kVA, inasoma 250. Akaja kijana wa mauzo, shati limenyooka, kafungua Excel yake ina rangi kama kanga. Sola kilowati 100, milioni 230, mkopo miaka mitano riba asilimia 17, rejesho milioni 5.7 kwa mwezi. Halafu mstari wa chini kabisa wa kijani: sola itaokoa milioni 6.1 kila mwezi. Yaani paneli zinajilipa na chenji inabaki! Wife alisema hesabu tamu hivi zina nzi, nikamjibu haya ni mambo ya kitaalamu. Kila tarehe ya rejesho ananiuliza wataalamu hawajambo?

Mwezi wa kwanza bili imekuja imepungua milioni mbili kasoro. Nikajua mita mbovu. Mwezi wa pili vilevile. Ndio nikakaa na ile Excel usiku na kikokotoo cha simu, na hapo ndipo nilipotaka kulia.

Yule bwana alipiga kila yuniti kwa shilingi 356. Hiyo ni bei ya LUKU ya nyumbani na dukani, kodi na makato yote humo ndani! Mimi wa T2 yuniti yangu ilikuwa 195 na VAT naidai irudi kwenye ritani ya kodi. Sola ya kilowati 100 hapa kwetu inakupa kama yuniti elfu 12 kwa mwezi ukiwa na jua la kawaida, yeye akazihesabu zote, wakati Jumapili kiwanda kimefungwa na zile za siku hiyo zinaishia hewani. Nilizotumia kweli zilikuwa kama elfu 10. Elfu 10 mara 195 ni ngapi? Bas. Milioni 1.95, na rejesho liko palepale 5.7. Nilikuwa nainunua hasara kwa awamu.

Na hiyo bado sio sehemu inayoniuma zaidi. Inayoniuma ni dimandi. Kwenye Excel aliandika dimandi itashuka nusu kwa sababu sola inabeba nusu ya mzigo, nikaona ina mantiki. Mkuu, dimandi ya T2 inashika ile kVA ya juu kabisa mwezi mzima, sio wastani. Shifti yangu ya pili inafika saa nne usiku, sasa saa mbili usiku sola gani? Nusu saa moja tu mashine zote zimewaka giza limeingia, mita imeshaandika 250, mwezi mzima unalipia 250, kila kVA shilingi 15,004. Sola haikuigusa hata moja.

Halafu nikaita fundi umeme mmoja mzee, mtu wa viwanda vya zamani, kaangalia bili yangu dakika mbili kaniuliza "pawa fakta 0.72 unaijua lakini?" Siijui mzee wangu. Akanielewesha kwamba mota zinavuta umeme unaofanya kazi na mwingine wa kutengeneza sumaku tu, na huo wa pili unakukuzia kVA; pawa fakta ni ile sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli. Mzigo wangu halisi ulikuwa kilowati 180, kwa pawa fakta 0.72 ndio inakuwa 250, ukiipandisha ifike 0.95 inakuwa 189. Tofauti ya kVA 61, karibu laki tisa kila mwezi, kwa kabati moja la kapasita la milioni tisa, linalokupa huo umeme wa sumaku hapohapo kiwandani. Limejirudisha kabla mwaka haujaisha. Na kichekesho ni kwamba sola ilikuwa imeiharibu zaidi, mchana jua kali inveta (ile inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia kiwandani) inaleta kilowati tupu, umeme wa sumaku wote bado navuta kutoka gridi, pawa fakta ikawa inasoma 0.42. Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Ndio huyohuyo akanipeleka kwenye kompresa, ile inayosukuma upepo wa kuendeshea mashine. Jumapili, kiwanda kimya, hakuna mashine hata moja inayotumia upepo, akasema iwashe. Tukakaa na saa. Kila dakika kumi ilikuwa inapakia, yaani inajaza upepo, dakika nne. Inapakia nini wakati hakuna kazi?! Mivujo. Kompresa ya kilowati 37, asilimia 40 inajaza upepo hewani. Tukapita na maji ya sabuni, mapovu kila kona, mipira imechanika, viunganishi vimelegea, valvu moja nyuma ya mashine ya tatu ilikuwa inalia miaka na tulizoea tukadhani ndio sauti yake. Mipira, klipu na tepu nyeupe ya mafundi bomba: laki nne. Kama yuniti elfu sita kwa mwezi zikapotea kwenye bili. LAKI NNE mkuu, imefanya zaidi ya nusu ya kazi ya milioni 230.

Kwa hiyo pima kwanza, ziba, ndio ununue. Paneli nilizipanga kubeba hadi upepo unaovuja, ningeziba kwanza ningenunua ndogo zaidi au nisingenunua kabisa mwaka ule. Sisemi sola mbaya, jua la Mwanza mnalo, nasema isiwe ya kwanza. Na anayekuambia ni kwa ajili ya mazingira, mwambie Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 nalo ni maji, gridi yenyewe sio moshi mtupu.

Ah, na umeme ukikatika sola ya kwenye gridi bila betri inazima pia, ili isirudishe moto kwa mafundi walioko kwenye nguzo. Mimi nilijua siku ya kwanza ya mgao, jua la saa sita, paneli 200 juu ya paa, na sisi tumekaa gizani tunapepea.

Uliuliza kingine nini... benki eeh. Sijui, usinitajie benki leo, ni tarehe 28. Tupia bili zako za miezi 12 hapa, futa jina na namba ya mita, acha mstari wa kVA uonekane. Na Jumapili hii washa kompresa peke yake, shika saa, uje na dakika zako.