Kwa nini mkunga naitikia mialiko ya akika na arubaini

Dada uliyeuliza kama mkunga aliyeajiriwa anapaswa kuitikia mialiko ya akika (shughuli ya kumchinjia mtoto mchanga) na arubaini (siku mzazi anapomaliza kukaa ndani) ya wazazi aliowazalisha, au abaki na kazi yake na familia yake, nitakujibu kwa niliyoyaona katika miaka yangu ya kuzalisha hapa Pemba. Jibu nililolichagua limenigharimu nyumbani kwangu, na sijalijutia.

Daftari la kituo huandika mwanzo wa habari tu. Mtoto akilia vizuri, kondo la nyuma likatoka zima na damu ikatulia, tunaandika kwamba mama na mtoto wako salama, na kesho yake jamaa wanakuja kumchukua mzazi wao. Lakini hesabu ya uzazi haiishii hapo. Kifo cha mtoto mchanga huhesabiwa hadi siku 28, huku siku 7 za mwanzo zikitazamwa peke yake kwa kuwa ndizo zenye hatari zaidi, na kifo cha mama kinachotokana na uzazi huhesabiwa hadi siku 42 baada ya kujifungua. Sasa tazama ada zetu: akika hufanywa siku ya 7, na mzazi hutoka ndani siku ya 40. Siku hizo hazikuwekwa kwa ajili ya takwimu, lakini zinaangukia pale pale ambapo jicho la mkunga linahitajika, na mlango unafunguliwa na wenyewe.

Nakumbuka akika moja katika kijiji cha upande wa Micheweni. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa na wanawake wako uani wanachambua mchele, nami nikaingizwa chumba cha ndani kumwona mzazi. Adhuhuri ile ya jua kali alikuwa amejifunika mashuka mawili, ubani unafuka chini ya kitanda, na nilipomshika mkono ulikuwa wa moto. Mkwe wake akaniambia, "Ni chango tu, mwanangu, tumeshamkanda kwa maji moto, litapoa." Nikamjibu, "Inshallah, bibi, lakini naomba unipe ruhusa nimtazame tumbo." Chini ya kitovu palimuuma kwa kuguswa kidogo tu, na damu yake ya uzazi ilikuwa inanuka. Hayo ni maambukizi ya kizazi, na huweza kumuua mama aliyetoka wodini kwa miguu yake mwenyewe. Gari lililoleta vyombo vya shughuli ndilo lililompeleka hospitali, shangazi mtu akiwa amempakata mtoto. Alilazwa, akapigwa sindano, akapona, na siku ya arubaini yeye mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango. Katika daftari la kituo ameandikwa salama tangu siku ya kwanza. Katika daftari langu dogo nimemwandika kama ilivyokuwa.

Wapo pia wale tunaowapa rufaa, kwa kifafa cha mimba au kwa damu iliyopita nusu lita. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, mzazi akishapakiwa gari la wagonjwa alitoka pia katika hesabu yetu, na mwisho wa mwaka tulijiona tumefanya vizuri kuliko ukweli wenyewe. Jambo hilo liliniuma sana. Anayehesabu waliozalia kitandani kwake tu amewatoa wagumu akabaki na wepesi. Tangu hapo, kila ninayempa rufaa mimi huchukua nambari ya simu ya jamaa yake, humfuatilia mpaka nijue alifikia wapi, na habari hiyo huiandika hata ikiwa ya msiba.

Gharama yake ni hii: nikahi ya mwanangu wa kwanza ilisomwa nikiwa chumba cha kuzalia, na mdogo wangu ndiye aliyekaa mahali pangu kumpokea bibi harusi. Kwa hiyo sikushauri uende kote, kwani mimi nilianza hivyo na watoto wangu ndio waliolipa. Sasa mimi huenda kwa aliyezaa mara ya kwanza, aliyepungukiwa damu, aliyepata mtoto wa chini ya gramu 2,500, na niliyempa rufaa. Wengine nawapigia simu. Huchukua kipimo cha joto na daftari, na sipokei bahasha.

Binti yangu alipozaa Unguja, nilipanda meli Mkoani wakati wa kusi, bahari imechafuka, nikafika usiku wa kuamkia akika. Asubuhi, kabla kinyozi wa kumnyoa mtoto hajaja, nilimpeleka mjukuu wangu dirishani nikamtazama macho kama yana manjano. Kisha nikakaa kitandani na mama yake, nikamuuliza yale yale ninayowauliza wazazi wa Micheweni. Akacheka, akasema, "Mama, mimi ni mwanao." Nikamwambia anijibu kwanza habari ya damu.