Huyu wa kurusha mpira nyuma ana kazi gani?

SWALI: Kaka mhariri salama? Mie mpenzi wa NFL, ile ligi ya futiboli ya Kimarekani, nakesha nayo. Kila timu ina jamaa anaitwa longi snepa, anainama anarusha mpira nyuma katikati ya miguu yake halafu huyoo benchi. Si senta wa kawaida, yule anayeanzisha mpira, afanye tu? Msomaji, Tanga

JIBU: Salama ndugu yangu. Kikosi ni watu 53 kwa hiyo naelewa inakuuma nafasi moja kupewa yeye, lakini senta anampa kotabeki, yule mtoa pasi, aliye karibu, huyu snepa anamrushia panta, yule anayepiga mpira mbali kwa mguu, aliyesimama kama yadi 15 nyuma, na mpira ufike chini ya sekunde moja tena mikononi, sio magotini, na bado akimaliza ana lijitu la kilo 130 la kulizuia, na wakati anarusha kichwa kiko chini halioni!

Waulize Steelers, timu ya Pittsburgh. Oktoba 2008 wanacheza na Giants wa New York, snepa wao Greg Warren kaumia goti, wakamuweka James Harrison, lainibeka, yaani mlinzi, hatari kweli, msimu ule ule ndio akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima. Kota ya nne wanaongoza 14-12, karusha, mpira ukapaa juu ya kichwa cha panta ukatokea nyuma ya uwanja, pointi 2 za bure, 14-14, na mpira wanarudishiwa Giants ambao wakaenda kufunga, ikaisha 21-14.

Kwa hiyo NFL anahitajika, mimi simtoi. Timu ya sekondari yenye watoto 25 hapo sawa, senta ajifunze na hiyo.