Vitoto vya paka wakati wa masika: kwa nini vinaugua umri ule ule kila uzazi

Waalaykum salaam dada yangu wa Wete. Umeuliza kwa nini paka wako akizaa karibu na masika vitoto huwa vizima wiki tatu za mwanzo, kisha vinaanza kwenda chafya, macho yanazibwa na tongo, na viwili vitatu vinakufa, ingawa unavifunika kwa khanga na kuvilaza jikoni penye joto. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hapo yamechanganyika mambo mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni maradhi yenyewe. Mafua ya paka huletwa hasa na virusi vya aina mbili, hepesi na kalisi. Mvua haizai virusi. Paka aliyepata hepesi hupona, lakini virusi hubaki mwilini mwake maisha yote, vimelala, na huamka mwili unapoelemewa: akizaa, akinyonyesha, akihamishwa nyumba. Kwa hiyo aghlabu anayewaambukiza ni mama yao, naye kwa macho yako ni mzima kabisa. Kinga waliyoipata kwenye maziwa yake ya mwanzo huanza kupungua kiasi cha wiki ya nne, ndiyo maana umri unarudi ule ule kila uzazi. Masika huongeza ubaya kwa njia nyepesi tu: paka wote wa mtaa wanajazana upenuni pamoja, wanakula sahani moja, wanapigiana chafya, na hakuna jua la kukausha chochote.

La pili ni baridi, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunasema visiwani hakuna baridi. Kwa paka mkubwa aliye mkavu ni kweli. Hata kipupwe cha Julai, usiku wa nyuzi 21 au 22, manyoya yake yanamtosha. Kitoto cha wiki ya kwanza hakiwezi kujitia joto. Kinahitaji pale kilipolala pawe na nyuzi 29 mpaka 32. Usiku wa mvua wa Aprili, ambao sisi tunausifu kwa usingizi mtamu, kwa kitoto kilicholowa mbele ya upepo ni baridi ya kuua. Na khanga ni pamba: ikinyonya maji inakaa nayo, inakuwa kama kitambaa cha maji kilichowekwa juu ya mgonjwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ukavu, joto linafuata.

Pahala pa kulala patengeneze hivi. Chukua lile boksi jeupe jepesi la kusafirishia samaki, lenye mfuniko. Lioshe kwa sabuni, lianike mpaka harufu itoke. Kama huna, sanduku la mbao linafaa. Upana wa sentimita 40 kwa 50 unamtosha mama na watoto wanne. Likiwa kubwa kuliko hapo joto lao linapotea. Toboa mlango wa duara wa sentimita 15, uanzie sentimita 10 juu ya sakafu ya boksi ili vitoto visitambae nje. Toboa vitundu viwili vya hewa karibu na mfuniko, upande ule ule wa mlango. Liweke juu ya matofali mawili, lisiguse chini, na liache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Nyumba za mawe na chokaa kuta zake hunyonya maji na kutoa jasho masika yote, na boksi lililoegemezwa hapo huota kuvu mgongoni. Kusi linavuma kutoka kusini na kusini mashariki, basi mlango utazame kaskazini au magharibi.

Ndani tandika magazeti makavu tabaka nne au tano, juu yake kipande cha blanketi la sufu. Usitumie sufi ya magodoro, nyuzi zake zinaingia puani na machoni. Magazeti yabadilishe kila siku. Blanketi uwe na vipande viwili, kimoja kinatumika, kingine kinakauka.

Kuwalaza jikoni karibu na jiko la mkaa acha kabisa. Mkaa unaowaka chumba kikifungwa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu, sembuse kitoto cha gramu mia. Na majivu ya moto huunguza nyayo. Joto la salama ni chupa ya nusu lita iliyojazwa maji ya moto, ikazongwa kitambaa mara mbili, ikawekwa upande mmoja wa boksi ili kitoto kikihisi joto limezidi kijisogeze. Ibadilishe kabla haijapoa, maana chupa iliyopoa inavuta joto la kitoto badala ya kumpa.

Ukikuta kitoto kimelowa na kimelegea, masikio na mdomo baridi, usikimbilie kukipa maziwa. Hili ndilo kosa linaloua zaidi. Tumbo la kitoto kilichopoa limesimama. Maziwa yanachachia humo au yanaingia mapafuni. Kwanza kikaushe kwa taulo kwa kukibonyezabonyeza bila kukisugua, kiweke kifuani kwako au kando ya chupa, kipate joto polepole kwa saa moja mpaka mbili. Kikianza kulia na kutafuta chuchu, ndipo kirudishe kwa mama.

Nunua au azima mizani ndogo ya jikoni. Kitoto huzaliwa na gramu 90 mpaka 110 hivi, na huongeza gramu 10 mpaka 15 kwa siku. Kipime kila asubuhi, andika. Kisichoongezeka siku mbili mfululizo kina tatizo, hata kama hakijaonyesha dalili yoyote. Mizani hukuonya mapema kuliko macho.

Mafua yakishaingia, mtenge mgonjwa na wazima kwa chumba kizima ikiwezekana, na sahani yake iwe yake. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichokatwa usawa, acha yawe vuguvugu. Chovya pamba, iweke juu ya jicho nusu dakika mpaka tongo lilainike, kisha futa kutoka pembe ya puani kwenda nje. Kila jicho pamba yake, mara tatu au nne kwa siku. Jicho likikaa limefungwa siku nyingi mboni huharibika kwa ndani, basi usiseme litafunguka lenyewe. Usitie matone ya macho ya watu yaliyobaki kabatini: mengine yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na hiyo huipa hepesi nafasi ya kutoboa mboni.

Paka asiyesikia harufu hali. Pasha chakula kidogo, kiwe vuguvugu kama mkono wako, umpe samaki mwenye harufu kali. Pua ikiziba, kaa naye chooni na ndoo ya maji ya moto, mlango umefungwa, dakika 10. Maji matupu. Usitie mkaratusi, wala dawa ya kuchua yenye kafuri. Na udi na ubani, pamoja na utamu wake, chumba cha mgonjwa uvisamehe mpaka apone. Moshi unachoma njia yake ya hewa. Kitoto kisichokula nusu siku, au paka mkubwa siku mbili, ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo bila kungoja mvua ikatike.

Panadol usimpe. Hata kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa ile kama letu. Udhaifu huo huo wa ini ndio unaoyafanya mafuta ya karafuu kuwa sumu kwake. Najua Pemba hakuna nyumba isiyo na chupa, na watu huwapaka paka kwa ajili ya viroboto. Paka hujilamba, kila unachompaka atakila. Viroboto waondoe kwa kitana chembamba, ukikichovya kwenye bakuli la maji ya sabuni. Kitoto chenye fizi nyeupe kimeshanyonywa damu nyingi, huyo ni wa daktari siku hiyo hiyo. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini nayo isimguse paka.

Kusafisha: jiki vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji, ikae dakika 10 juu ya sakafu na vyombo vilivyokwisha kuoshwa, kisha suuza na kausha. Virusi vya kalisi hukaa wiki kadhaa palipo baridi na unyevu, sabuni peke yake haivitoshi. Zile dawa za kuulia vidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji ziweke mbali na paka.

Chakula cha masika kina hila yake. Dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kisha huanikwa, na mvua ikizidi hawakauki sawasawa. Wenye kuvu tupa, kuosha hakuondoi sumu. Wazuri waloweke nusu saa, mwaga maji, wachemshe kwa maji mapya. Na paka akikataa kutoka kwenda kukojoa kwenye mvua, dume huweza kuziba mkojo. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara, analia, na halitoki tone, usidhani ni kufunga choo. Mkimbize, ana siku moja tu au mbili. Kinga yake ni beseni la mchanga mkavu ndani ya nyumba, kina cha sentimita tano; weka akiba ya ndoo mbili tatu za mchanga kabla ya Machi. Uchafu utolewe kila siku, na mwenye mimba asiwe yeye wa kuutoa.

Sasa la mama. Kumwacha bila chanjo ni kurudia haya haya. Mchanje Januari mwanzoni, dozi ya pili baada ya wiki tatu au nne, wakati hana mimba, kwa kuwa chanjo hai, yenye virusi vilivyodhoofishwa, haifai kwa mjamzito. Haitaviondoa virusi alivyonavyo, ila itampa kinga zaidi ya kuwapa watoto. Watoto nao waanze wakiwa na wiki sita mpaka nane, warudiwe kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Na kama huna haja ya uzazi mwingine, mwambie daktari amfunge kizazi siku utakayompeleka kwa dozi ya pili. Paka wa huku hana msimu, hubeba siku 63 hadi 65 tu, na anaweza kushika tena hali bado ananyonyesha.